Moja kwa Tisini

Mizani haikuwa na kengele. Walioiunda mashine hiyo ya kupimia hatari walisema kengele humtia mtu kiwewe, na mwenye kiwewe hapimi. Kwa hiyo habari ilipofika ilifika kimya kimya: tarakimu mbili ukutani zilibadilika, moja juu na moja chini, na Tusekile Mwambungu, aliyekuwa akimenya parachichi la kifungua kinywa, akaacha kisu katikati ya tunda.

Alisoma. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasogea karibu, akasoma tena.

Tarakimu ya juu ilikuwa ya angani. Ilisema moja kwa tisini. Tarakimu ya chini ilikuwa ya ardhini, ya Mlima Ntandala uleule ambao kituo kilijengwa ubavuni mwake, nayo ilisema moja kwa nane. Miaka yote aliyofanya kazi pale, Tusekile hakuwahi kuziona zikiwa kubwa kiasi hicho kwa wakati mmoja. Siku za kawaida ile ya juu ilikuwa na sifuri nyingi hadi macho yanachoka, na ya chini ilipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala.

"Dokta," aliita kwenye kipaza sauti cha ukutani. "Njoo uone."

Dokta Wende Haule, mkurugenzi wa kituo, aliingia akiwa bado na koti la mvua, maji yakimdondoka sakafuni. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Hili la juu ni jiwe gani?"

"Lile la mwezi uliopita. Tulidhani litapita mbali, leo limepimwa upya." Tusekile aligusa ukuta na mchoro ukafunguka. "Mwezi huu linapita jirani. Halafu linazunguka nyuma ya jua, linarudi mwakani. Likirudi, kuna moja kwa tisini kwamba linaanguka hapa."

Kidole chake kilifuata ukanda mwembamba uliovuka bahari, ukapita juu ya India ya kaskazini na kuishia kwenye milima ya mbali. Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kilima. Likianguka, wangekufa watu wengi kuliko akili ya binadamu inavyoweza kuwaza, na vumbi lake lingeziba jua misimu miwili ya mavuno, kule na huku pia.

"Na hili la chini?"

"Hilo la chini ni sisi wenyewe."

Haule alielewa. Juu ya kilele cha Ntandala ulisimama Mwale, taa kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na mikono ya watu. Uliweza kuuchoma uso wa jiwe lililo mbali kuliko mwezi mpaka likatoa moshi, na moshi huo ukalisukuma jiwe polepole nje ya njia yake, kama puto linavyosukumwa na pumzi yake lenyewe. Dunia ilikuwa na Miale mitatu. Mmoja ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo. Wa pili ulikuwa kaskazini mno, usingeweza kuliona jiwe linalopita anga ya kusini. Uliobaki ni huu, nao ulikunywa umeme wa visima vyote vya mvuke vya mlima ule. Kuuwasha majuma matatu mfululizo kulitaka visima vifunguliwe hadi mwisho. Mvuke ukishapungua kule chini, uji wa moto ulioko kilindini ungeweza kufanya kile ambacho soda hufanya kizibo kinapong'olewa: hiyo ndiyo ile moja kwa nane.

"Inashauri nini?" aliuliza Haule.

Tusekile alimwonyesha maneno yaliyokuwa pale chini ya tarakimu, manne tu: *Sukuma jiwe. Usiwatangazie wenyeji.*

Wenyeji walikuwa watu elfu arobaini wa mji wa Ikama na vijiji vilivyotapakaa mlimani. Tusekile alizaliwa Ikama.

"Imekosea," alisema. "Watu elfu arobaini chini ya moja kwa nane. Kuwahamisha ni nafuu, hata mtoto wa shule anaweza kuipiga hesabu hiyo."

"Imeipiga." Haule alikuwa amekwisha fungua ukurasa wa ndani. "Imepima pia watakachofanya wakiambiwa. Kuna moja kwa tatu kwamba watakwenda kuvikalia visima. Wakivikalia mpaka jiwe lipite, hakuna Mwale tena, na upande wa pili wa mizani kuna watu milioni mia tatu. Piga mwenyewe."

Alipiga. Alipomaliza alivuta kiti akakaa. Hesabu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma.

*

Baraza la Mizani lilikutana mtandaoni mchana huohuo. Haule alipotoka, alimkuta Tusekile kwenye baraza la nje, anatazama mvua inavyopiga mabati ya karakana.

"Wamekuwa na huruma kuliko mashine," alisema. "Watu wataondolewa. Lakini hawataambiwa habari ya Mwale. Wataambiwa mlima umeanza wenyewe."

"Kwa sababu mlima ukianza wenyewe hakuna wa kumkasirikia."

"Ndiyo. Na hakuna sababu ya kukalia visima. Wanataka ukawaambie wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni mtoto wao."

"Mtoto wao niliyewahamisha bure," alisema Tusekile.

Miaka sita nyuma tarakimu ya chini ilifika moja kwa tano. Wakati ule ilikuwa desturi kuzisoma namba hadharani, naye alizisoma redioni kwa sauti yake mwenyewe. Watu wakashushwa hadi bondeni Usangu na kukaa kwenye mahema. Ntandala ikalala usingizi wake, hata kokoto haikuviringika. Lakini bondeni kulikuwa na mbu, na damu ya watu wa milimani haikuwa na mazoea ya malaria. Walizikwa wengi. Mmoja wao alikuwa Lwitiko, mume wa dada yake Bupe. Tusekile alijaribu kuwaeleza kwamba moja kwa tano maana yake ni kuwa mara nne hakuna kitakachotokea. Mtu mmoja msibani akamjibu kwamba maiti haijui mara nne. Tangu hapo sheria ilikataza namba kusomwa mbele ya watu.

"Nakubali ni uongo," alisema Haule. "Ila ni uongo unaowatoa kwenye hatari ya kweli. Ukimwona mtoto anacheza kwenye ukingo wa kisima, humwambii kuna dubwana ndani?"

"Namwambia. Lakini kama kisima nimekichimba mimi, kwanza nakifunika."

"Hiki hatuwezi kukifunika, Tusekile." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa. "Sina ndugu hata mmoja kwenye ule ukanda. Lakini tangu asubuhi nikifumba macho nawaona wanafua nguo."

Tusekile aliingia ndani kuchukua koti lake. Hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia. Alikuwa hana tu kitu kingine cha kuwaambia watu, na muda ulikuwa unakwenda.

*

Walikutana kwenye uwanja wa ushirika wa maziwa, kwa kuwa ndipo mahali pekee Ikama ambapo watu wote hufika asubuhi bila kuitwa. Mvua ilikuwa imekatika. Watu walisimama na madumu yao miguuni, wengine wakiwa bado na majani ya ng'ombe mabegani. Mbele kabisa, mikono imefungwa kifuani, alisimama Bupe, meneja wa ushirika, mwanamke mnene wa mwili na mwembamba wa subira.

Mwenyekiti wa mji, Gwamaka Mwaipaja, alifungua kwa maneno machache. "Mnamfahamu. Ana neno. Tumsikilize, halafu kila mtu aamue kama ana masikio."

Watu wakacheka kidogo. Tusekile akapanda kwenye ngazi ya kupakulia maziwa.

"Ndugu zangu, mwagonile," alisalimu kwa lugha ya nyumbani, nao wakaitikia. "Nimekuja kuwaambia kwamba mlima umeanza kubadilika. Tumeona dalili chini kabisa. Safari hii tunawaomba..."

"Umeanza lini?" Bupe aliuliza.

"Dada, ngoja nimalize."

"Nitangoja. Nataka kujua tu umeanza lini. Ng'ombe wangu wanalala vizuri. Chemchemi ya Kapugi haijabadilika joto, mimi huoshea madumu pale kila siku. Mara ile, kabla hamjatuhamisha, chemchemi ilichemka na bata wakaikimbia. Safari hii nini kimeanza?"

Tusekile alimtazama dada yake, na Bupe akamtazama yeye. Bupe hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia, aliye tayari kuifuata akionyeshwa.

"Mlima umeanza wenyewe," Bupe aliuliza tena, polepole, "au mnataka kuuanzisha ninyi kwa visima vyenu?"

Baadaye, alipoulizwa na Baraza kwa nini alifanya alichofanya, Tusekile alisema hakuwa na sababu ya kupendeza. Alifungua kinywa kusema la kwanza, likatoka la pili.

"Tunataka kuuanzisha," alisema.

Akawaambia yote. Aliwaambia habari ya jiwe na ya Mwale, akawaambia moja kwa tisini na moja kwa nane, na watu milioni mia tatu. Aliwaambia hata kwamba Mizani ilikuwa imewapima wao, na kukuta kwamba wakijua, kuna moja kwa tatu kwamba watakwenda kuvikalia visima.

Hapo Gwamaka alipiga kofi moja la mshangao. "Kumbe hata hilo mmetupimia!" Akageukia umati. "Basi jamani, tusiwaangushe."

Madumu yaliachwa palepale uwanjani. Kabla ya saa sita mchana, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wanapanda njia ya visimani, na Tusekile yuko kati yao, hakuna aliyemzuia wala aliyemsemesha.

*

Visima vilikuwa kwenye uwanda mdogo chini ya kilele, mabomba yake makubwa yamelala kwenye nyasi kama magogo. Yalikuwa ya vuguvugu. Wazee walipoyakalia walisema angalau yanafaa kwa kiuno.

Haule aliwatokea akiwa peke yake, hana askari wala mlinzi. Akamwendea Tusekile.

"Baraza limeniagiza niite kikosi kije kuwaondoa kwa nguvu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe?"

"Nimewaambia kwamba mawasiliano ni mabaya kwa ajili ya mvua." Alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina tone. "Sidhani kama wataniamini mpaka kesho. Ongea nao."

Akaongea. Zaidi alijibu, kwa kuwa walikuwa na maswali mengi, na karibu yote yalikuwa ya haki. Wakiutoa mji wote kwanza, Mwale utachelewa kiasi gani? Kila siku inayopita inapunguza nini? Tusekile aliwajibu akichora kwa kijiti kwenye udongo. Wakiwasha leo, wataliondoa jiwe kabisa njiani. Wakichelewa juma moja, nguvu ya kulisukuma itakuwa nusu tu, na ile moja kwa tisini itakuwa moja kwa mia na themanini. Wakichelewa majuma mawili, ni afadhali kila mtu arudi kwake akakamue.

"Kwa hiyo tukichukua juma moja tutoke salama," alisema mwanamke mmoja kijana aliyembeba mtoto mgongoni, "tunawaachia wale sehemu ya hatari ambayo tungeweza kuwaondolea."

"Ndiyo."

"Na msipotuondoa kwanza, mnatuwekea sisi hatari ambayo hatukuwa nayo."

"Ndiyo, mama."

Bupe alikuwa amekaa kwenye bomba, anang'oa nyasi moja moja. "Hao watu wa huko," alisema, "kama mlima ungekuwa wao na jiwe likawa letu, wangekuja kutuuliza?"

"Sijui."

"Mizani haisemi?"

"Mizani haipimi hilo, dada."

Gwamaka alisimama. "Mimi nitasema lililo moyoni mwangu, msinichukie. Mgeni akija nampa chakula, nampa na kitanda changu. Lakini simpi kitanda ambacho mwanangu amelalia. Nilihama mara moja. Nilizika mama yangu bondeni, kwenye udongo mweupe kama unga, nikarudi nikakuta nyumba yangu inanisubiri, hata buibui hawajahama. Waacheni na jiwe lao. Mimi sihami tena, na kwenye visima hivi siondoki."

Wengi waliguna kumuunga mkono. Tusekile alikuwa amekaa kwenye msiba wa mama yake Gwamaka. Alijua kwamba hakuna kosa hata moja katika aliyoyasema.

Bupe ndiye aliyesimama. Alijipangusa nyasi kwenye kanga.

"Lwitiko alipougua," alisema, "nilikwenda kwa watu wa kule bondeni kuomba dawa. Watu nisiowajua. Yule mama aliyenifungulia alikuwa na vidonge vya mtoto wake tu, na mtoto anaumwa. Alinipa nusu. Havikutosha, mnajua wote havikutosha. Lakini alinipa nusu." Akawatazama wenzake. "Sina hesabu za Tuse. Mimi nasema tuwape nusu. Tutoke kwanza, watu na ng'ombe, kisha wawashe. Siyo Usangu. Tupande Kitulo, kwenye baridi, mbu hawafiki. Magari yaje leo, si kesho. Na ninyi wa kituo," alimgeukia Haule, "mtakaa hapahapa juu ya mlima mpaka mwisho. Mkituhamisha sisi, ninyi hamhami."

"Ni haki," alisema Haule.

Hawakupiga kura. Watu walianza kushuka mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na mawazo yake, wengine wakilia kwa hasira. Jioni ilipoingia, pale kwenye mabomba walibaki watu kumi na wachache pamoja na Gwamaka. Hawakumzuia mtu. Walikaa tu.

*

Juma lile lilipita kwa matope na honi. Malori yalipanda Kitulo yamejaa watu na magodoro, yakarudi, yakapanda tena yamejaa ng'ombe. Ikama ilibaki na majogoo na redio moja iliyosahauliwa ikiimba kwenye nyumba iliyofungwa. Gwamaka na wenzake waliviacha visima, lakini walirudi majumbani mwao badala ya kupanda malori, na Tusekile alikwenda mara mbili nyumbani kwake. Mara ya kwanza Gwamaka alimkaribisha chai, wakazungumza habari za ndizi. Mara ya pili alimkuta anapaka ukuta rangi.

"Usinibembeleze, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Umeniambia ukweli. Hilo linanitosha. Sasa niache na huo ukweli niutumie nipendavyo."

Mwale uliwaka siku iliyofuata. Mchana haukuonekana. Jioni ukungu wa kileleni ulikuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagika, na mlima mzima ulivuma kwa sauti nzito inayoingia kwenye meno. Visima vilifunguliwa hadi mwisho. Wafanyakazi wote wa kituo walibaki kama walivyoahidi. Tusekile alikaa mbele ya ukuta akazitazama tarakimu mbili zikiachana: ya juu ikishuka kidogo kidogo kadiri jiwe lilivyosogezwa, moja kwa mia, moja kwa mia na ishirini, na ya chini ikipanda, moja kwa sita, moja kwa nne.

Ilipofika moja kwa mbili, Haule alivuta kiti akakaa kando yake.

"Tunaweza kufunga sasa," alisema. "Ikama haina watu ila wachache."

"Tukifunga, ya juu itabaki moja kwa mia na hamsini."

"Na wachache wale?"

Ndani ya Mizani watu wale walikuwa uzito mdogo kuliko unyoya. Nje ya Mizani mmoja wao alikuwa anapaka ukuta rangi. Tusekile aliinua simu ya upepo akampigia Gwamaka, akamwambia moja kwa mbili.

"Nimesikia," ilijibu sauti. "Na wale wa ng'ambo wamebakiwa na ngapi?"

Akamwambia.

"Nipigie kesho," alisema Gwamaka.

Mlima ulifunguka kesho yake alasiri, upande wa mashariki, bila mlipuko mkubwa waliouogopa. Ardhi ilipasuka kama mkate, moto ukatoka mzito na mwekundu, ukateremka na mto wa Kapugi kuelekea Ikama kwa mwendo wa mtu anayetembea. Majivu yakafuata. Haule alifunga visima kwa mkono wake, akahesabu watu wake wote, na wakapita njia ya juu, nguo zilizolowa zimefunika pua. Tarakimu ya mwisho ya angani aliyoiona Tusekile kabla ukuta haujazimika ilikuwa moja kwa mia na sabini.

Ikama ilikwisha. Waliokufa walikuwa kumi na mmoja. Saba kati yao walipatikana. Gwamaka hakupatikana.

*

Mwaka ulikwenda. Kitulo, kati ya maua na baridi, mji mwingine ulianza kuota: mabati kwanza, kisha matofali, kisha ugomvi wa mipaka, na hapo watu wakajua kwamba sasa wanaishi pale. Baraza lilimsimamisha Haule kazi, likamhoji Tusekile siku nyingi, na mwishowe likamrudisha, kwa kuwa wenye kuisoma Mizani hawakuwa wengi. Alipewa chumba nyuma ya zahanati, na ukuta mdogo.

Jiwe lilirudi kutoka nyuma ya jua. Dunia nzima ililitazama likipita, nukta isiyomdhuru mtu, na katika miji ya ule ukanda watu walipanda juu ya mapaa wakashangilia. Kisha wakashuka wakaendelea na maisha.

Sasa lilikuwa limepimwa kutoka kila upande, na Mizani iliweza kurudi nyuma na kujibu swali ambalo mwaka uliopita halikuwa na jibu: kama wasingelisukuma, lingepita wapi? Tusekile aliliacha swali hilo siku mbili bila kuliuliza. Siku ya tatu aliliuliza, akasoma jibu, akavaa koti, akaenda kwa dada yake.

Alimkuta Bupe kwenye banda jipya la ushirika, anachuja maziwa kwa kitambaa cheupe. Mvuke ulipanda kwenye baridi.

"Una uso wa habari," alisema Bupe. "Sema, mikono yangu ina kazi lakini masikio hayana."

"Jiwe lisingeanguka, dada. Hata kama tusingewasha Mwale. Lingepita mbali, mara mbili ya umbali wa mwezi."

Maziwa yaliendelea kuteremka kwenye kitambaa. Bupe hakuinua macho mpaka dumu lilipojaa. Akalifunika, akalisukuma kando, akaketi juu yake.

"Hebu nielewe," alisema. "Mume wangu alikufa kwa ajili ya mlima usiolipuka. Na nyumba yangu imeungua kwa ajili ya jiwe lisiloanguka."

"Ndiyo."

"Na Gwamaka."

"Na Gwamaka."

"Na mlijua kwamba inaweza kuwa hivyo."

"Tulijua kwamba karibu kwa hakika ingekuwa hivyo. Mara themanini na tisa kwa tisini." Tusekile alijikunyata ndani ya koti. "Lakini kulikuwa na ile moja, dada. Sikuwa na namna ya kujua kama siyo ile moja. Hata leo, wakinionyesha namba zilezile, sioni ningefanya nini kingine."

Bupe aliitazama mikono yake, nyekundu kwa baridi. Nje mtu alikuwa anafokea ng'ombe, na ng'ombe anajibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Haule. Baraza. Wanasema hakuna haja ya kuwaambia watu, watavunjika moyo. Wanasema waachwe waamini kwamba waliokoa dunia."

"Na wewe umekuja kwangu."

"Nimeanza kwako. Kesho asubuhi nitasema hapa uwanjani, watu wakileta maziwa."

Bupe alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha wala ubaya. "Watakupiga mawe."

"Huenda."

"Kiasi gani?"

"Sijapima."

Halafu Bupe akasimama, akachukua kitambaa kingine kikavu na kumtupia mdogo wake, akamwonyesha ndoo iliyokuwa inasubiri. Tusekile akakunja mikono ya koti. Dada yake akamimina, yeye akashika kitambaa kwa pembe zake mbili, na kazi ikaenda.

"Itakuja nyingine," alisema Bupe. "Ya juu au ya chini."

"Itakuja."

"Na utakuja kutuambia na namba zako, na sisi tutakuwa tumechoka kukuamini."

"Nitakuja hivyohivyo."

Bupe alikamua kitambaa, matone ya mwisho yakaingia kwenye ndoo.

"Basi njoo," alisema. "Ila uje mapema, Tuse. Ng'ombe hawapendi kuharakishwa."